Mnong'ono wa Kocha

Mguu ukivunjika karibu na meza ya waandishi, unausikia kabla mwenyewe hajapiga yowe. Takwimu, mwandishi wa mpira wa kikapu aliyepewa jina hilo kwa kupenda namba, alikuwa ameusikia mlio huo mara nyingi msimu ule. Wenzake wa habari za michezo, wepesi wa kusifu na wazito wa kufikiri, waliandika kwamba ajali haina kinga, wakaenda zao kunywa soda. Yeye alirudi ofisini, akafungua video za mechi na kuanza kuhesabu.

Kila mtu alijua mchezaji aliyeitwa Nyundo ni mlinzi katili. Mrushaji wa wapinzani akiruka na mpira, Nyundo alichomeka mguu pale atakapotua, na kifundo kikapinduka. Mashabiki wakashangilia. Takwimu aliuliza swali ambalo wenzake hawakuliuliza: anaumiza lini? Timu yake ikiongoza, Nyundo alicheza mechi nzima bila kumkwaruza mtu. Timu ikiwa nyuma, kocha akamwita na kumnong'oneza, mtu alitoka kwa machela. Saba msimu huo, wote baada ya mnong'ono. Ajali gani hiyo inayosubiri kutumwa?

Na kocha mwenyewe alikuwa kaka yake Takwimu wa toka nitoke.

Fainali ilikaribia, na wapinzani walimtegemea mrushaji mmoja mwembamba. Takwimu hakuhitaji kuambiwa zamu ya kuumizwa ilikuwa ya nani. Hata hivyo aliona si heshima kumwanika mkubwa wake gazetini bila kumwambia, akamfuata nyumbani na kumwekea hesabu mezani. Kaka hakubisha hata namba moja. Alimzaba kofi akaona nyota, akamkamata nywele na kumbamiza ukutani mpaka jino likang'oka, huku akimuuliza ni nani aliyemlea tangu baba yao afe. Ni yeye aliyemlea, na hilo ndilo lililomliza Takwimu njia nzima.

Asubuhi habari ikatoka na hesabu zake zote.

Katika robo ya mwisho ya fainali, timu ya kaka ilikuwa nyuma. Nyundo akaitwa, akanong'onezwa, akaingia. Uwanja mzima ukaacha kutazama mpira, ukaitazama miguu yake, waamuzi nao wakainama kuichunguza. Mrushaji akaruka. Nyundo akasita, akarudi nyuma. Mpira ukapita kikapuni, na mchezo ukaishia hapo.

Kaka aliiruka meza ya waandishi, akamtandika Takwimu ngumi ya mdomo mbele ya kadamnasi. Askari wa uwanja wakamvamia kaka, wakamlaza sakafuni na kumkanyaga mgongo. Akainua uso uliotapakaa damu.

"Umenimaliza, mdogo wangu. Umefurahi?"

Takwimu hakuwa na furaha yoyote. Alitema damu, akamtazama yule mrushaji akielekea chumba cha kubadilishia nguo.

"Anatembea, kaka."