Daka Nililoliuza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikipita kwenye kichochoro chetu hapa Mkomani, Amu, hunirudia bila kuitwa. Ukuta mzima ulikuwa umejaa migongo ya watu. Wazee na vijana walikuwa wamesimama juani baada ya kumzika Bwana Shee, fundi wa milango, jirani yetu wa ukuta mmoja. Walisimama kwa sababu yangu. Nitakueleza ilivyokuwa, wala sitajipunguzia kosa.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata kazi ya ukarani Mombasa, na shati langu halikukosa kalamu mfukoni. Baba alikuwa amefariki na kuacha nyumba ya mawe aliyoirithi kwa babake. Dada yangu, Bi Rukia, alikaa ng'ambo ya kichochoro, katika nyumba aliyopewa na baba alipoolewa, maana kwetu Amu binti akiolewa hupewa nyumba. Baba aliziunganisha nyumba hizo mbili kwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia, boriti zake upande mmoja zimelalia ukuta wetu na upande wa pili ukuta wa dada. Mama alipita humo kila siku kwenda kwa bintiye bila kushuka chini wala kutafuta buibui. Alipokuwa mgonjwa alitaka kitanda chake kiwekwe mlemle, asikie nyumba zote mbili, na humo ndimo alimofia.

Katika urithi Rukia aliniachia fungu lake. Alisema yeye keshapewa yake. Aliniomba jambo moja tu.

"Wikio lisifungwe, kakangu."

"Nani wa kulifunga?" nikamjibu, nami nikacheka.

Mbele ya nyumba palikuwa na daka letu: ukumbi mdogo wenye baraza mbili za mawe zinazotazamana, kabla hujaufikia mlango mkubwa. Lilikuwa daka pana kuliko yote kichochoroni; mengine yalitosha watu wachache tu. Hapo wazee walingojea adhana, hapo muuza kahawa aliteremsha mdila wake, na hapo, akifa mtu wa nyumba yoyote ya njia ile, wanaume walikaa siku tatu kupokea pole. Baba hakuwahi kumwuliza mtu anakaa kwa ruhusa ya nani.

Nilipokaa Mombasa miaka mitatu nilianza kuionea haya nyumba ile. Nikaiona ya kale, yenye unyevu na ngazi nyembamba. Nilitaka nyumba ya matofali yenye ua wa kuegesha gari, ijapokuwa gari lenyewe sikuwa nalo. Siku moja dalali mmoja akanifuata ofisini. Alikuwa na mnunuzi, mgeni kutoka Ulaya aliyeipenda Amu.

"Hati ina jina la nani?" akaniuliza.

"Langu."

"La mwingine lipo?"

"Hapana."

"Basi wewe unamngoja nani, bwana?"

Mtaa wetu ulikuwa na desturi. Mtu akitaka kuuza, kwanza huwaita jirani zake, wanakaa kwenye daka lake mwenyewe, naye huwaeleza. Si kwamba waliweza kumkataza. Walitaka kujua tu, na kuulizana kipi kiende na kipi kibaki. Niliijua desturi hiyo vizuri. Niliona ni mambo ya watu wasiosoma. Nilitia sahihi hukohuko Mombasa, na dada yangu akapata habari kwa mafundi waliokuja kupima milango.

Mwaka haukwisha, nikapata simu kwamba Bwana Shee amefariki. Huyo ndiye aliyenifundisha kushika tindo nikiwa mdogo. Nilisafiri usiku kucha na kuwahi maziko. Tulipotoka makaburini watu wakaelekea kichochoroni kama kawaida, na miguu yao ikawapeleka kwetu. Daka lilikuwa na lango la chuma na kufuli. Ndani, juu ya baraza alipozoea kukaa marehemu, palikuwa na mitungi miwili ya maua. Mlinzi alisema mwenyewe yuko kwao Ulaya, naye hana amri ya kumfungulia mtu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karibu kulia.

Basi watu wakasimama. Nami nikatafuta pa kuuficha uso wangu, nisipaone. Mlango wa pili ukafunguka kidogo, akachungulia Bi Zena, mkewe marehemu, mjane wa asubuhi ile ile. Macho yake yakanipata.

"Karibu, Bwana," akasema. "Mbona wasimama? Keti."

Nikalitazama lile kufuli.

"Keti, mwanangu. Si daka la babako hilo?"

Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mwacheni asimame, Bi Zena. Huyu ana miguu ya Mombasa, haichoki."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Bi Zena hakucheka.

"Nyumba ni yako, hukuiba," akasema. "Mwanamume akitaka kuhama na ahame, nti ya Mngu ni pana. Lakini ungalitwambia tu. Tungalikuomba utuwatie daka, na dadako wikio lake, nawe ukauza vilobaki. Hata yule mgeni hangalikataa, maana hakuambiwa kuwa hapa watu huketi. Nani alomwambia? Wewe hukumwambia yeye, wala hukutwambia sisi."

Kisha akarudi ndani kuendelea na kilio chake.

Nilipanda kwa dada. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka wikioni hadi pale ulipokuwa mlango wa upande wetu. Palikuwa na ukuta mpya, chokaa bado nyeupe. Kitanda cha mama kilikuwa kimesukumwa kikaegemea ukuta ule.

"Nilidhani utauliza kwanza," akasema.

Sasa sikiliza walichofanya watu wa mtaa huu, maana hapa ndipo ninapojivunia, ingawa sikuwa na mkono ndani yake. Bi Zena alipotoka eda alikwenda kwa kadhi akaliandika daka lake kuwa wakfu wa njia. Nyumba ni yake na ya warithi wake, waiuze wakitaka; daka haliuzwi wala halifungwi, ni la kila apitaye. Wa kwanza kumfuata alikuwa dada yangu. Kisha nyumba ya pembeni, kisha ile inayotazamana na msikiti. Hawakufanya mkutano wala hawakuweka bango. Mtu alikwenda kwa kadhi kimyakimya, akarudi akapaka daka lake chokaa.

Miaka ikapita. Ikaja barabara kuu ya kwenda bandari mpya, ikapita katikati ya mashamba yetu kule bara. Mikorosho na minazi waliyopanda babu zetu iling'olewa, na familia zilizokula kwa mashamba hayo zikabaki na nyumba za mjini tu. Madalali wakajaa gatini. Wengine waliuza, wala siwalaumu, mimi wa kumlaumu nani? Tulihofia kwamba Mkomani itabaki kuta nzuri zisizo na wenyewe. Lakini kila mnunuzi alisomewa hati mbele ya jirani, akaambiwa: daka hili si lako, hapa watu hukaa. Wengine walighairi. Wengine walinunua hivyo hivyo, na nawajua wawili ambao sasa hutangulia kuleta birika la kahawa pakiwa na msiba.

Mwaka jana dada yangu Rukia alifariki. Nilikuwa nimekwisha kurudi Amu, nakaa kwake, katika chumba cha chini. Siku ya maziko watu walikuja kutoka Chundwa na Pate, na wengine kutoka bara, wale waliopoteza mashamba. Nilisimama mlangoni nikakitazama kichochoro. Madaka saba, yote yamejaa. Vijana wamebanana na wazee, vikombe vinapita, mtu anasoma Yasini huku na mwingine anaitikia kule. Barabara na madalali wote wamepita, na njia bado ni ya wenyewe. Moyo wangu ulijaa kiasi cha kunishinda.

Lango moja tu lilikuwa na kufuli. Nilichukua mkeka nikautandika chini mbele yake, nikakaa hapo siku zote tatu. Hivyo ndivyo nifanyavyo kila pakiwa na msiba. Sijaamrishwa na mtu. Kijana mmoja aliniita, "Babu, njoo huku juu, nafasi ipo." Nikamwambia, "Hapa ndipo penu nilipopauza. Niwache nipakalie."

Mwanangu, nasikia nawe umefuatwa na dalali gatini, anaitaka nyumba yako. Sikukatazi kuuza wala kuhama. Nakuomba, kabla hujatia sahihi, waite jirani zako ukae nao pale wanapokaa siku zote. Waulize ni kipi ndani ya nyumba yako ambacho si chako. Hati haitakwambia. Mimi niliisoma yote, na nilikuwa najua kusoma. Na kama kuna aliyekuachia haki yake kwa neno moja tu la kuomba, liandike neno hilo mwanzo wa hati, kabla ya jina lako.

Mola akujaalie riziki ya halali na umri mrefu. Akupe nyumba yenye mlango imara na daka lisilo na mlango. Na siku yako ikifika, watu wako wapate pa kukaa.