Maua ya Mpakani

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na huwa siisimulii kwa sababu ya aibu. Lakini nimekuona na jembe na gunia, unataka kung'oa maua ya porini ukapambe nyumba yako mpya. Keti kwanza.

Nilikuwa bibi arusi mpya hapa Rongai. Nimezaliwa mjini, mtaa wa Rhonda, nyumba zimebanana, na bustani yetu ilikuwa mkebe mmoja wa mafuta. Kwa hiyo nilipoona maua meupe yenye mistari myekundu yamejipanga kando ya shamba, nilidhani Mungu ameyaotesha bure. Mama mkwe alikuwa Molo kwa dada yake. Niliyang'oa yote, jua la saa saba, yakiwa yamechanua, bila hata udongo, nikayapanda mlangoni na kujisifu sana. Siku ya tatu yakalala chini.

Mama mkwe aliporudi alisimama mlangoni, hakuingia.

"Hii maua umetoa wapi?"

"Pale kwa shamba, Mama. Ilikuwa inamea tu."

"Haikuwa inamea tu. Hiyo ni itoka. Mimi na Mama Njeri tuliipanda pamoja, ndiyo mpaka wetu. Uliuliza nani?"

Jana yake trekta aliyoikodi mama mkwe ilikuwa imekuja kulima, na dereva hakuona kitu cha kumzuia. Mama Njeri, jirani yetu mjane, aliamka akakuta tumelima ndani ya shamba lake. Hakupiga kelele. Alimwambia mama mkwe neno moja tu: "Nilidhani wewe utangoja nikufe kwanza."

Nilimpigia Mama Njeri magoti, nikakiri kosa, na mimi alinisamehe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tulirudisha vile viazi vya maua vilivyopona, na kila mmoja akaonyesha mahali pake, hatua mbili huku, hatua tatu kule, hakuna aliyekuwa na hakika. Wanawake waliopalilia pamoja tangu ujana wakawa wa kusalimiana kanisani tu. Mama Njeri alipozikwa, mama mkwe alilia kuliko watoto wa marehemu. Mimi ndiye niliyewatenganisha, mwanangu, na bado inaniuma.

Basi nisikilize. Ua la porini huenda lina kazi pale ulipolikuta. Uliza kwa wenyeji kabla hujaligusa, maana kuuliza si ujinga. Ukiruhusiwa, ngoja limalize kuchanua na majani yake yakauke, ulichimbe jioni pamoja na udongo wake, na uache mengine mahali pake. Likiwa na mbegu, chukua mbegu, umwachie mama yake aendelee kukaa. Ila kwanza weka jembe hapo, uende ukabishe hodi kwa jirani.

Mungu aibariki nyumba yako na mikono yako. Akupe majirani, na siku ya kuwazika uwalilie bila kujilaumu.