Miguu Themanini ya Kushoto

Kaka yangu amekata nguo miaka ishirini na sita, na ukitoa mwaka mmoja, sikuwahi kumwona akipima kitu mara mbili. Watu walimpa jina la Futi, ile ya kupimia, kwa sababu ulikuwa hujavuka kizingiti cha duka letu ameshakutajia kiuno chako. Wanawake wengine walinuna. Mmoja alimwambia, "Fundi, hayo macho yako yangekuwa na adabu kidogo ungetajirika." Kaka alicheka mpaka akaangusha chaki.

Mimi ni mdogo wake. Yeye hukata, mimi hushona, pua na mdomo ndani ya chumba kimoja chenye meza ndefu, vyerehani viwili, pasi moja na kioo kilichopasuka pembeni. Nimeanza na kicheko chake kwa makusudi. Haya ninayoyasimulia yanaweza kumfanya aonekane legelege, na kaka yangu hakuwa legelege hata siku moja.

Ilikuwa oda ya shule, suruali arobaini. Kitambaa kilikuwa kizito, chenye uso na mgongo: upande mmoja una mng'ao, mwingine umefifia. Kitambaa cha namna hiyo hukunjwa uso kwa uso kabla ya kukatwa, ili kila ukipitisha mkasi upate mguu wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Kaka alikitandaza bila kukikunja, tabaka juu ya tabaka, nyuso zote zikitazama juu, akakata asubuhi nzima. Nilipochukua vipande viwili vya mbele niviunganishe, havikukubali. Nikachukua vingine. Mwisho nikavimwaga vyote mezani. Vilikuwa themanini, na vyote ni vya mguu wa kushoto.

"Kaka," nikasema, "njoo uone."

Akaja, akatazama. Akasema, "Aa." Kisha akarudi kwenye kigoda chake, akakaa.

Ningependa kusema kwamba hapo ndipo nilipoelewa. Wapi. Nilimwambia kwamba mwalimu mkuu atatuona wahuni, nikamwambia siku hizi akili yake iko likizo, nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki hapa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Ndipo akasema, "Nimechoka, dada."

"Nani hajachoka?" nikamjibu, nikageukia cherehani changu.

Jibu hilo linanikaa kooni hadi leo. Sikulitoa kwa ubaya. Nilikuwa nimechoka kweli, maana kwa miezi mitano nilikuwa nashona kazi yangu na kumalizia yake, na kila jioni wifi yangu alinipigia simu kuniuliza leo ameshindaje, kana kwamba nilikuwa namlea mtoto wa chekechea.

Ilianza kidogo kidogo. Kwanza aliacha kufungua redio. Kisha akaacha kunyoa ndevu, na wifi akadhani anataka kuwa shehe. Akila, alikula matonge mawili, akisukuma sahani mbele taratibu asije akamuudhi mpishi. Alfajiri wifi alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu tayari mguuni, hatoki. Dukani alifika kwa wakati kama kawaida. Alipomaliza kukata alikaa kwenye cherehani cha pili anisaidie, akatunga uzi kwenye sindano, akaweka mguu kwenye pedali, halafu akabaki hivyo hivyo, robo saa, nusu saa, akiutazama mguu wake.

Tukamtibu. Alipewa dawa ya vidonda vya tumbo, kwa sababu hakuwa anakula. Alipimwa presha. Alinunuliwa miwani. Tulikitibu kila kiungo isipokuwa kile kilichokuwa kinaumwa. Mjomba wetu alikuja kumpa nasaha za kiume, akamwambia ajikaze kisabuni, kwani wanaume wote wana mawazo. Jirani muuza matunda alininong'oneza kwamba huenda kuna mwanamke nje. Nikamwambia mtu asiye na nguvu ya kufunga kamba za viatu atamtoa wapi mwanamke wa nje. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa na maelezo yangu, na yalikuwa mabaya kuliko yote: niliamini anajidekeza.

Aliyetufumbua macho ni mteja, muuguzi mmoja wa makamo, mwenye sauti ya kuamrisha. Alileta sare yake ipanuliwe kiunoni. Alimtazama kaka akihangaika na futi, anapima, anasahau, anapima tena. Nilipomsindikiza nje akanishika mkono.

"Huyu fundi ana muda gani hivi?"

"Hivi vipi?"

"Wewe unajua hivi vipi. Analala? Anakula? Kuna kitu chochote kinachomfurahisha?"

Nikamjibu maswali yote matatu kwa hapana moja. Akasema, "Mlete Jumanne. Jengo la nyuma, chumba cha mwisho. Kuna daktari wa afya ya akili."

Damu ilinipanda. "Dada, kaka yangu si kichaa."

"Nimesema kichaa? Nimesema mlete." Akaikunja risiti yake, akaitia mkobani. "Angekuwa ametegua mguu ungeshampeleka zamani. Hii nayo ni maradhi. Wengine huita sonona, wengine unyogovu. Iite unavyotaka, ila usiikalie."

Usiku kucha nilimkasirikia yule mwanamke. Asubuhi nikampigia wifi.

Wifi alilia kwanza, kisha akawa mjanja. Alisema tukimwambia ukweli hatakwenda. Kwa hiyo tukala njama. Nilimwambia kaka kwamba muuguzi anataka mapazia ya chumba fulani pale hospitali na kwamba twende Jumanne tukapime. Alinitazama kwa muda. Akasema, "Sawa." Jumanne akabeba futi, chaki na daftari lake la vipimo, tukaenda.

Nje ya chumba cha mwisho kulikuwa na benchi na watu sita. Nilitegemea kukuta watu wanaopiga kelele na kuvua nguo. Nikamkuta karani wa benki ninayemfahamu, mama mwenye mtoto mgongoni, kijana aliyevaa sare za ulinzi. Mimi niligeuzia uso ukutani ili wateja wetu wasinione. Kaka alikaa waziwazi, futi shingoni. Aibu ile yote ilikuwa yangu peke yangu, na sasa hivi ninaionea aibu.

Tulipoitwa, daktari alikuwa mama mfupi aliyevua viatu chini ya meza. Kaka alimsalimia, akaenda moja kwa moja dirishani. Akapima upana, akapima urefu, akaandika daftarini. Kisha akageuka.

"Daktari, vioo hivi ni vya ukungu, havionyeshi ndani. Dirisha hili halihitaji pazia."

"Halihitaji," daktari akakubali.

"Nilijua tangu juzi. Huyu akidanganya huongea mbio." Akanionyesha kwa kidevu.

"Sasa kama ulijua, mbona umekuja?" nikamuuliza.

"Sikuwa na njia nyingine ya kuja, dada."

Akakaa. Daktari hakumpa pole wala nasaha. Alimuuliza anajisikiaje, kaka akasema amechoka. Nikangoja daktari aulize umri, au uzito. Akauliza, "Umechoka vipi?"

Kaka alivua futi shingoni, akaikunja. Kisha akaanza. Alisema kuamka ni kazi kubwa kuliko kazi yenyewe. Alisema anasikia watu wakicheka na anajua ni kicheko, lakini hakimfikii. Alisema anatukosea mimi na mkewe kila siku kwa kuwepo tu. Alizungumza polepole, bila kulia, kama anayemsomea mteja vipimo vyake. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo tangu utoto wetu.

Daktari akamuuliza tena, kwa sauti ile ile ya kawaida: "Umewahi kuona ni bora usiwepo kabisa?"

Nilitaka kumkatiza. Nilidhani swali kama hilo humtia mtu wazo.

"Ndiyo," kaka akasema. "Wiki iliyopita nilikuwa nimeshawaaga moyoni."

Wiki iliyopita. Wiki hiyo tulikuwa tumekaa hatua mbili kutoka mmoja hadi mwingine, mimi nikilalamika kuhusu matundu ya vifungo. Nilisimama, nikakaa tena. Daktari aliniona, akasema kumuuliza mtu hakumtii wazo. Wazo huwa limeshaingia, alisema, na mtu anapata nafuu akipata wa kumwambia. Akatueleza mengi nami nikashika machache: kwamba huu si uvivu wala laana, kwamba dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na zisikatishwe bila yeye kujua, kwamba atazungumza naye kila Jumanne, kwamba wazo lile likirudi tusisubiri Jumanne, tuje siku yoyote, saa yoyote. Kwa wakati huu asiachwe peke yake.

Watu hupenda kusikia kwamba baada ya hapo alipona. Dawa zilimkausha mdomo na kumfanya asinzie juu ya kitambaa. Wiki ya pili alitaka kuziacha, na wifi akagombana naye mpaka akameza. Mjomba akasema tunamlisha vidonge vya wazimu. Nikamwambia mjomba maneno ambayo hajanisamehe, na sijamwomba anisamehe. Sisi wanawake wawili tulikuwa tumechoka hadi kwenye mifupa. Wiki ya sita kaka aliomba kuongezewa chakula. Wifi alinipigia simu kunieleza habari hiyo, akairudia mara mbili.

Mwezi wa tatu daktari alituruhusu tumwache peke yake kidogo. Jumanne moja oda ilikuwa imenikaba, kaka akasema, "Baki ushone, nitakwenda mwenyewe. Saa sita nitakuwa hapa." Nikakubali.

Saa sita ikapita. Saa saba nikapiga simu yake, ikaita ndani ya droo ya meza. Nilijiambia kasahau, watu husahau simu. Saa nane nilishona mkono wa shati ukiwa ndani nje, nikaufumua, nikaushona vile vile tena. Nilimpigia wifi nimuulize kama kafika nyumbani, na kwa namna alivyouliza alitoka saa ngapi nikajua tumewaza kitu kimoja. Akaacha kazi, akaanza kuja. Mimi nilisimama mlangoni, nikimtazama kila mwanaume anayekata kona, nikiwachukia wote kwa kutokuwa yeye.

Alitokea saa tisa kasoro, kwa mwendo wake wa kawaida, mfuko wa dawa mkononi.

"Foleni ilikuwa ndefu," akasema.

Nilimpiga bega kwa ngumi, mimi mtu mzima, barabarani. Halafu nikaegemea fremu ya mlango.

"Ulidhani?" akaniuliza.

"Nilidhani."

Akaketi kwenye ngazi ya duka, nami nikakaa kando yake. Watu walipita wakitusalimia, naye aliwaitikia.

"Foleni haikuwa ndefu hivyo," akasema baadaye. "Nilichelewa kufika. Nilisimama njia panda zaidi ya saa nzima, wazo lile likiwa limerudi."

Nikauchukua mfuko wa dawa mkononi mwake.

"Halafu nikaenda kukaa kwenye benchi, nikamwambia daktari," akasema. "Kesho anataka kuniona tena."

Nikaenda kuzima pasi, nikampigia wifi kwamba kafika, nikamwandikia mwenye oda kwamba kesho duka limefungwa.