Gouverneur wa Amerika na Ukurasa ya Mama

Hasira hii niko nayo mpaka leo, na sitaki mutu aniambie nitulie.

Mwaka muzima nilikaa na maisha ya gouverneur mumoja wa Amerika, mutawala wa jimbo, mutu mwenye alikufa kabla babu yangu hajaoa. Profesa wangu njo alinipa ile sujet ya kuandikia mémoire, kitabu ya kumaliza masomo. Mimi nilitaka kuandika juu ya soko ya kijiji ya Miti. Akakataa, akasema soko kila mwanafunzi anaandika. Alikuwa na vitabu vya zamani vya Kiingereza, padri mumoja alimuachia, na alitaka mutu avisome kwa nafasi yake. Basi mimi huyo, binti ya mukulima wa Nyangezi, kila asubuhi natoka mutaa ya Kasha na miguu mpaka université, dictionnaire kwapani, naenda kutafuta namna muzungu alipata kura.

Na nikamupenda, kusema kweli. Alizaliwa shambani, baba akakufa mapema, mama yake akafulia watu nguo ili yeye asome. Akakuwa mwalimu, kisha avocat wa kutetea watu kortini, kisha gouverneur mara mbili. Alitengeneza barabara. Alikataza wafungwa kukodishwa kama ng'ombe kwa wenye mashamba, na wenye mashamba wakamuchukia; mara ya tatu akaanguka kura, akarudi kwao kufuga. Siku ya kuapa, wakubwa walikuwa mbele, mama yake wakamukalisha nyuma. Gouverneur akashuka, akamushika mukono, akamuleta kwa kiti ya mbele. Mukubwa mumoja akasimama akatoka. Ile siku peke yake niliiandikia kurasa sita.

Siku ya kutetea mémoire yangu, mama alitoka Nyangezi na kuku mbili na mukungu wa ndizi, maana kwetu mwanafunzi njo anapikia jury. Watu watatu wanakuja kukuhukumu, kisha wanakula kwako. Alivaa kikwembe yake ya misa, akakaa kwa banc ya mwisho.

Nilieleza gouverneur wangu, nikamaliza, nikangoja maswali. Nilikuwa tayari: wafungwa, kura, barabara, vyote. Profesa mumoja wa jury, mwenye alipashwa kusoma kitabu nzima, akafungua ukurasa ya kushukuru. Hiyo ukurasa iko mbele ya kila mémoire, na namna yake inajulikana: Mungu kwanza, kisha wakubwa wa université wakifuatana na titre zao za ukubwa, na familia kule mwisho. Mimi, nyuma ya Mungu, niliweka mama yangu na jina yake yote ya ubatizo. Wakubwa wakafuata.

Ehee! Hapo njo moto uliwaka. Akauliza kama huyu mama iko na doctorat. Watu wote mu salle wakacheka. Mwenzake akauliza nani alinilea bila heshima. Profesa wangu, yeye mwenyewe wa kunipa sujet, aliangalia saa yake tu. Ile ukurasa peke yake, karibu saa nzima! Na juu ya gouverneur, hata swali moja. Hakuna mwenye alifika kwa ukurasa ya kumi, naapa. Mama hasikii Kifaransa. Aliona watu wanacheka, na yeye akacheka kidogo. Kile kicheko yake njo kinanichoma.

Mukubwa wa jury akafunga kitabu.

"Utarudilia hii ukurasa. Bila hivyo, hakuna diplôme."

Jina ya mama ingetoka, yeye angeingia kwa mustari ya mwisho: "familia yote na wenye hatukutaja." Nilitaka kumuambia afungue zile kurasa sita. Nilisema, "Ndiyo, profesa." Kisha wakahamia kwa meza, wakakula kuku za mama mpaka mifupa, na yeye mwenyewe akawamwangia maji ya kunawa.

Kesho yake nilienda kwa mutu wa ordinateur, mwenye alinipigia mémoire kwa mashine, nikamuambia afute jina. Mimi! Mimi mwenye niliandika kurasa sita juu ya mutu mwenye alikataa kuficha mama yake! Wao ni watu wa bure, sawa, nimeshawatukana vya kutosha. Lakini mukono wenye ulionyesha pa kufuta ulikuwa wangu.

Kitabu ilipotoka, ganda ngumu na maandishi ya dhahabu, niliipeleka Nyangezi. Mama hajui kusoma, lakini nilikuwa nimemuambia zamani kama yeye njo wa kwanza nyuma ya Mungu. Akanawa mikono, akapanguza vizuri, akafungua.

"Nionyeshe pa jina yangu."

Nikashika kidole yake, nikaiweka kwa mustari ya kwanza nyuma ya Mungu, pale jina ya profesa iko na herufi kubwa. Akaipapasa pole pole, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaita majirani waje kuona.