Kichwa cha Jembe

Harufu ya mwarobaini unaochemka ndiyo iliyotuambia kwamba nyumbani kuna mgonjwa. Tulikaa Tezo, nje kidogo ya Kilifi, miaka ya themanini, na mama alikuwa na hesabu yake ya maumivu ya kichwa. Kichwa cha jua kilikaa kwenye paji, na dawa yake ilikuwa maji na kivuli. Cha njaa kilitulizwa kwa kikombe cha uji. Cha homa kilikuja na baridi na viungo kuuma; hapo ulifunikwa blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini mpaka utoke jasho, kisha ukapelekwa zahanati kumeza vidonge vichungu. Mwenyewe alikuwa na kipandauso. Kilimshika upande mmoja wa kichwa, akatapika, akachukia mwanga na sauti zetu. Siku hizo alijifunga leso kichwani, akaikaza barabara, akalala dirisha limefungwa. Tena kulikuwa na kichwa cha jembe. Hicho, alisema huku akicheka, huwapata watoto asubuhi ya kupalilia na huisha jembe likiwekwa chini.

Asubuhi moja ya masika mama aliamka na kipandauso. Baba alikuwa kazini Mombasa, kwa hiyo shamba nikaachiwa mimi, Dama, wa miaka kumi na mmoja. Lo, nilivyojiona mkubwa! Mdogo wangu Sidi, wa miaka minane, akaniambia, "Dada, kichwa chaniuma." Nikashika kiuno kama mama. "Wapi?" "Kote." Nikaguna. Hicho ni cha jembe, nikamwambia, twende zetu. Mama hakuamua kamwe kabla ya kutugusa shingo kwa mgongo wa mkono, lakini mimi sikumgusa. Sidi hakubisha. Alipalilia mstari mzima wa mahindi nyuma yangu, nami nikimkemea kwa uvivu.

Adhuhuri alianguka. Nilidhani ni jua, nikammwagia maji. Alipoanza kutetemeka, macho yamegeuka, nilimkimbilia mama. Alitoka na leso yake kichwani, akipepesuka, akambeba mwenyewe hadi barabarani. Hospitalini walisema malaria imepanda kichwani. Sidi alilazwa siku tisa, akapona, ila sikio la kushoto halikusikia tena.

Mama aliniuliza mara moja tu, pale kando ya kitanda. "Hakukwambia anaumwa?"

"Hakuniambia."

"Basi ni mimi," akasema. "Ningeamka, ningemgusa."

Niliogopa fimbo, jamani, fimbo tu, na nilipokua nikaogopa mambo mengine.

Siku hizi zahanati yetu hukuchoma kidole, na kabla hujachoka kusubiri umeshajua kama ni malaria au siyo. Wanangu wakisema kichwa kinawauma siulizi ni wapi, nawapeleka. Majirani husema nawadekeza, nami nawaacha waseme. Mama tulimzika akiwa bado anakilaani kipandauso chake kwa ajili ya sikio la Sidi. Alikilaani mbele ya wageni, mbele ya wakwe, hata siku ya harusi yangu. Kila aliposema hivyo Sidi alikuwa akinitazama mimi, na hakuwahi kunitaja.