Barafu Ndani ya Injini ya Baba

Juzi nilipeleka gari la marehemu baba gereji hapa Tukuyu. Fundi kijana akafungua boneti, akacheka. "Dada, hili bomba la kupunguza moshi tuling'oe tu, halina kazi." Nikamwambia, mdogo wangu, ng'oa kingine chochote, ila hilo la bati linalotoka kwenye eksozi kwenda kwenye kabureta usiliguse. Ngoja wewe msomaji nikusimulie kwa nini.

Nilipokuwa darasa la tatu, mwaka mmoja baada ya kumzika baba, fundi mwingine alisema maneno hayohayo. Aling'oa kila kitu, akidai moshi wetu huku unaliwa na migomba. Vyuma vikatupwa stoo, isipokuwa bomba hilo. Bibi, mtu asiyetupa hata ganda la ndizi, alilipeleka jikoni awe anapulizia moto nalo. Mbalaga, ndizi zetu za kupika, ikawa inaiva upesi, naye akalisifu kuliko mkwe wake yeyote.

Ukaja mwezi wa sita na manyunyu yetu yasiyokata. Mama alikuwa nesi, akienda na gari hilo zahanati ya Matwebe. Kila likifika mlimani linakohoa, linazima. Akisubiri robo saa linawaka, kana kwamba halikufanya kosa. Majirani wakasema lina mashetani. Mama akachoka, akaapa likizima tena Jumamosi analiuza. Nililia hadi kwikwi, maana kiti cha dereva bado kilikuwa na alama ya mgongo wa baba.

Jumamosi mama alimpakia fundi mzee wa mtaa wa pili, ambaye babu yake alitoka pwani, nami nikapanda nyuma. Likazima palepale mlimani. Mzee akafungua haraka, akaniita.

"Njoo uone maajabu ya Mungu, mjukuu wangu."

Injini inafuka, matone yanachemka juu yake, na koo la kabureta limejaa barafu nyeupe! Barafu, katikati ya moto! Niliigusa, kidole kikauma kwa baridi. Mpaka leo sijaona kitu kilichonishangaza vile.

"Gari lina baridi kifuani," akasema. "Petroli ikigeuka mvuke humu, hewa ya manyunyu inaganda na kuziba koo; ukisubiri, joto la injini linaiyeyusha. Kulikuwa na bomba la bati la kulipelekea hewa ya moto. Liko wapi?"

Mama hakujua. Mimi nilijua.

Tuliporudi nyumbani, bibi alilitoa shingo upande, akalifuta kwa khanga. "Basi mniletee jingine," akanung'unika. Lilipofungwa, gari likapanda mlima ndani ya manyunyu bila kukohoa, na mama akapiga honi njia nzima. Bibi akatoka mlangoni, mikono ina unga, akaita kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, fundi!", yaani asante sana. Siku hiyo neno la kuuza lilikufa.

Sasa bibi hayupo, mama hayupo, mzee hayupo. Jiko la kuni limebaki mafiga matatu na nyasi. Fundi kijana aliuliza mbona bomba limeungua mdomo mmoja. Nikamlipa, nikawasha gari.

Jioni yakaanza manyunyu. Gari likapanda ule mlima, halikukohoa hata mara moja, nami nikapiga honi njia nzima hadi nyumbani. Hakutoka mtu mlangoni.