Sura ya Mayu Kwandu Ukutani

Elina wa Nkoma hakuwa mtu wa kumeza neno. Msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia na malori yao, chama cha ushirika kikiwa hoi bin taabani, ni yeye aliyesimama mbele ya mzani wa pamba akamwambia karani, aliyekuwa akiuinua kwa mguu ili kilo zipungue, "Ondoa mguu wako hapo kwanza." Karani akauondoa. Wanaume waliopanga foleni na marobota yao walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini hakuna aliyemwambia ahsante. Mjane mwenye mdomo namna ile watu humpenda akiwa mbali.

Zilikuwa enzi za ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa vyama, ruksa maduka ya Bariadi kujaa sabuni za kila rangi. Na pamoja na sabuni zikaja asasi, na magari yenye maandishi milangoni. Asasi moja ya mjini ikatangaza kanisani kwamba inatoa ruzuku ndogo kwa kikundi chochote cha kijiji chenye jambo la kuwasukuma viongozi walitengeneze. Wenzake Elina wa kikundi cha akina mama wakasema tuombe habari ya mizani. Elina akasema mizani haijamuua mtu.

Wote wakainamisha vichwa, maana walijua anasema nini. Miti ilikwisha zamani kule, watu wanapikia mabua ya pamba na samadi kavu, na moshi wake ukimpata mwanamke miaka yote hiyo, macho yanakuwa mekundu kama kidonda. Halafu mtoto wa jirani anakufa. Baba mtu anakwenda kwa mganga, na mganga, mjanja yule, hataji jina hata siku moja. Husema tu: ni mama mzee, yuko karibu nawe, macho yake mekundu. Basi. Anakuachia urudi nyumbani ukamalizie mwenyewe. Mvua zilizopita walimkuta bibi Salu wa Ngulyati amelala kando ya chungu chake, amekatwa kwa panga. Alikuwa rafiki wa mama yake Elina tangu wakiwa wasichana, na tangu siku hiyo Elina hakupata usingizi wa maana.

Alitaka jambo moja: mkutano wa kijiji upitishe sheria ndogo, kwamba anayemsingizia mama mzee uchawi aitwe mbele ya watu, yeye na mganga wake, kisha wapelekwe polisi. Ruzuku ikatoka. Asasi ikamtuma Joakim, kijana mpole wa mjini, aje kusaidia. Joakim akasema kabla ya mkutano lazima yabandikwe matangazo yenye picha ya mama mzee mwenye macho mekundu, na chini yake maneno makubwa: MOSHI NDIO UNAOTIA MACHO WEKUNDU, SI UCHAWI.

"Tatizo ni kumpata atakayekubali," akasema.

"Mama yangu yupo," akajibu Elina.

Na hapo ndipo alipokosea, jamani. Si kwa kukubali. Alikosea alipofika kwa mama yake. Mwanamke huyu aliyeweza kusema neno uchawi mbele ya diwani na kanisa zima, alipokaa kwenye kigoda jikoni kwa mama yake, lilimkwama. Utamwambiaje aliyekuzaa kwamba watu wakimtazama usoni wanawaza kitu kile? Aliona haya. Akasema, "Mayu, ni picha ya mradi wa wazee," akaishia hapo.

Mama yake, Mayu Kwandu, alifurahi mno. Hakuwahi kupigwa picha. Alivaa kanga mpya, akajipaka mafuta, akaketi mlangoni na tabasamu lake la meno machache. Joakim akamwomba asicheke. Akatii.

Matangazo yakabandikwa kwa uji mzito: zahanati, shuleni, na kwenye ukuta wa ghala la pamba. Mkutano ulikuwa Jumamosi. Alhamisi mchana Elina akapita ghalani kusikia watu wanasemaje, akakuta wanaume wamesimama mbele ya picha kimya. Hakuna aliyemtania, wala kumsalimia vizuri. Mzee mmoja akauliza pole pole, "Huyu mama amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Soma maneno."

"Maneno ni yenu mliosoma. Sura naijua."

Elina akautazama ukuta ule upya. Miaka yote, sura zilizowahi kubandikwa pale zilikuwa za wezi wa ng'ombe. Polisi walileta, watu wakatazama, wakaenda kusaka. Ukuta ule haukuwa na kazi nyingine. Alichokuwa akikificha mganga, yeye alikuwa amekibandika kwa mikono yake.

Akaibandua kwa kucha. Akakimbilia shuleni, akaichana na ile. Zahanati akakuta ukuta mtupu, una alama ya maji. Mtu alikuwa ameilowesha taratibu ili isichanike.

"Ndaki ameichukua asubuhi," nesi akamwambia.

Ndaki alikuwa jirani wa mama yake, mtu mpole. Wiki iliyopita alimzika mtoto. Juzi alikuwa amesafiri upande wa Mwanhuzi, na watu hawakumuuliza amefuata nini, kwa sababu walijua nani anakaa kule.

Elina alifika kwa mama yake akihema. Mayu Kwandu alikuwa jikoni anachochea moto, moshi umemzunguka.

"Mwadila, mayu," akamwamkia. "Kuna mtu amepita hapa?"

"Ndaki tu. Mtoto wa watu ana adabu yule, pamoja na msiba wake. Alikuwa na ile picha yangu, ameikunja vizuri. Akaniuliza, mayu, huyu ni wewe? Nikamwambia ndiyo, ni mimi." Akacheka kidogo. "Nilimwomba aniachie, akasema ataileta mwenyewe."

"Ataileta lini?"

"Leo leo, jua likizama. Tena akaniuliza kama bado nalala peke yangu."

Elina akaketi chini kwenye majivu. Hapo ndipo alipolisema lile neno, na kwa nini waliitaka sura yake, na habari ya Salu yote kama ilivyokuwa. Aliyasema akilia. Mama yake alisikiliza bila kumkatiza, akajifuta macho kwa ncha ya kanga yake mpya.

"Kumbe ndiyo maana yule kijana aliniambia nisicheke," akasema.

Elina akamshika mkono, akamwinua. Nje jua lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye mashamba ya pamba, na njia pekee ya kwenda polisi Bariadi ilipita mlangoni kwa Ndaki.